Siku Tatu Mkekani

Simu kutoka Pangani ilipokatika, Mwanahija aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, katikati ya ukumbi wa mazoezi, miguu ameinyoosha mbele yake kama mtoto. Wasichana waliokuwa wakiruka kamba waliacha mmoja baada ya mwingine. Kamba ya mwisho ilipiga sakafu mara mbili tatu, ikanyamaza.

"Bibi," alisema. "Wamemzika mchana huu."

Nakiete, mwanafunzi wa mwaka wake aliyekabidhiwa mikanda ya chuo, alikuwa mezani pake pembeni mwa ukumbi, akiufundisha mkanda wa mwanafunzi mpya. Aliuweka chini, akaja, akaketi karibu na mwenzake, bega kwa bega. Kwao Upare alikuwa amefunzwa kwamba mwanzoni mwa msiba mdomo hauna kazi.

Dakika ya ishirini, mikanda yao miwili ilianza kutetemeka kiunoni, kwanza polepole, kisha kwa hasira.

"Mama Mkwe huyo," aliropoka Veneranda, mwenzao wa chumba, nyuma yao, kwa mazoea tu, kisha akajuta na kuziba mdomo kwa kiganja.

Waliobuni mkanda ule waliupa jina la Mlinzi. Wasichana wa Chuo cha Ualimu Ludodi waliuita Mama Mkwe, kwa sababu haukuvumilia kumwona mke wa mwanawe ameketi. Ulisoma pembe ya nyonga, mapigo ya moyo na mkazo wa misuli ya mapaja, kisha ukaitia kila dakika ya siku katika kisanduku kimoja kati ya sita: kulala, kukaa, kusimama, kutembea, kukimbia, ugonjwa. Jioni visanduku vilijumlishwa vikawa alama. Ukiwa chini ya hamsini, jina lako lilitoka kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa mlango wa bwalo. Siku tatu nyekundu mfululizo, na asubuhi ya nne lango la chuo halikufungukii. Haikuwa adhabu, Baraza la Afya lilisema kila mwaka katika hotuba ya kuwakaribisha wageni. Ni uamuzi wa mwanafunzi mwenyewe.

Na matanga ya kwao Mwanahija yalikuwa siku tatu.

*

Ofisi ya Mkuu wa Chuo haikuwa na viti. Meza yake ilimfika kifuani, na yeyote aliyeingia alizungumza akiwa wima. Nakiete aliiheshimu ofisi ile kwa jambo moja: Dakta Kokubelwa hakumtaka mtu afanye asilolifanya mwenyewe.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshasikia. Mfikishie pole nyingi."

"Nitamfikishia. Anaomba nafasi ya kukaa matanga."

"Kwenda Pangani?"

"Barabara imekatika kwa mvua. Hata isingekatika, ruhusa ya safari ni ya baba, mama, mume au mtoto. Bibi hayumo."

"Najua asiyekuwemo. Orodha hiyo sikuiandika mimi." Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Akae. Nani kamkataza? Akae kitini, kila dakika ishirini ainuke, atembee mpaka bombani na kurudi. Alama zitasimama palepale."

"Nimemwambia hivyo. Amesema hawezi kumlilia bibi yake kitini kama anayesubiri kupigwa picha."

Pembe ya mdomo wa Mkuu ilitaka kucheka, ikajizuia. "Basi kuna kisanduku cha sita. Wewe ndiye mwenye ufunguo wa kukifungua, mimi natia saini. Ugonjwa: msongo wa akili, siku tatu. Dakika za mgonjwa hazihesabiwi."

"Si mgonjwa, Mkuu."

"Ni neno tu, Nakiete."

"Neno lenyewe litamfuata. Mwalimu mwenye msongo wa akili kwenye faili hapewi darasa la wadogo, na yeye anataka darasa la kwanza. Analitaka tangu mwaka wa kwanza."

Mkuu aligeuka kuitazama picha iliyokuwa ukutani peke yake: msichana mwembamba, amesuka mabutu, anatabasamu kwa upande mmoja. Chuo kizima kilimjua. Kemilembe, mdogo wake Mkuu, alisoma hapahapa Ludodi kabla ya mikanda. Wiki ya mitihani alikaa na vitabu siku nne, anainuka kwa shida tu. Damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni.

"Miaka ishirini na mmoja," Mkuu alisema. "Hakunywa sumu, hakupanda pikipiki ya mlevi. Alikaa. Kosa lake lote ni hilo, alikaa." Alirudisha miwani machoni. "Nina miaka kumi na minne sijazika mwanafunzi. Nakuomba usinitafutie wa kwanza."

"Najua, Mkuu," alisema Nakiete, na kweli alijua. Mwaka uliopita alikuwa mezani pake mkanda mmoja ulipoonyesha mguu wa msichana wa mwaka wa pili unajaza damu, siku mbili kabla msichana mwenyewe hajahisi maumivu. Yeye mwenyewe alifika Ludodi akihema kwenye ngazi za ghorofa moja. Sasa alizunguka uwanja mara kumi na mbili bila kutafuta pumzi. Hakuwa na ugomvi na mkanda. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko yote.

*

"Kwani tatizo ni nini?" Veneranda aliuliza, amesimama dirishani anakula karanga. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mkimbiaji wa mbio fupi, na hakujua kunong'ona hata akitaka. "Unaufundisha mkanda upya. Leo jioni. Unauambia: kukaa mkekani maana yake ni kutembea. Basi. Mwanahija anakaa siku tatu, ubao unasema katembea mpaka Songea."

Walikuwa chumbani kwao, jua bado liko juu ya misonobari. Mwanahija alikuwa amelala kitandani, ameufunika uso kwa kanga, na wenzake walidhani amesinzia.

"Au tungempa mbuzi," Nakiete alisema.

Veneranda alicheka kwa pua. Kila msichana alikijua kisa cha mbuzi. Miaka mitatu nyuma, wawili wa mwaka wa tatu walimfunga mbuzi wa shamba la chuo mikanda yao, wakaenda zao kulala. Mbuzi alipata tisini na sita, na majina yao yakasomwa mbele ya chuo kizima kuwa wanamichezo wa wiki. Tangu siku ile mikanda iliwekewa kipimo cha kutambua mapigo ya mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumvalia mwenzake. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilipitia mikononi mwa Nakiete.

Kazi yake ilikuwa hiyo: mlinganishi. Kila mwanafunzi mpya alisimama mbele yake, akatembea, akakimbia, akaketi, akalala, na Nakiete akauambia mkanda kila mara: hii ni hii. Hakufundishwa na mtu. Alijisomea vijitabu vya mafundi mpaka kurasa zikalegea, na kila alilolipata aliliandika kwenye daftari lenye jalada la kijani, tarehe juu, matokeo chini.

"Naweza kuufundisha," alisema polepole. "Nusu saa inatosha. Lakini mkanda nitakaoufundisha uongo leo, kesho utamwona mtu anakufa useme anatembea."

"Mmoja tu! Wa Mwanahija tu!"

"Hakuna wa mmoja tu. Unachoufundisha mmoja, usiku mikanda yote inaambizana." Alitoa daftari chini ya godoro. "Na kuna jingine. Uongo umo tayari."

Alifungua ukurasa wa mwezi wa tatu mwaka uliopita. Kijitabu cha walinganishi kilikuwa na mchoro wa mtu ameketi kitini, kwa hiyo tangu mwanzo kila mlinganishi wa Ludodi aliwaketisha wasichana kitini, na Nakiete naye akafanya hivyohivyo. Mikanda haikuwahi kufunzwa mkeka. Siku moja alijaribu mwenyewe, mikanda miwili kiunoni, mmoja wa kiti na mmoja aliouonyesha sakafu. Aliyeketi chini, mgongo bila egemeo, misuli yake ya tumbo na mgongo inafanya kazi muda wote. Mkanda wa kiti haukuliona hilo. Uliona pembe ya nyonga usiyoijua, ukadhani mtu amejilaza kwenye kochi, na dakika moja ukaihesabu mbili.

"Mara mbili?" sauti ilitoka chini ya kanga.

Mwanahija aliketi. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Mimi nakula chini. Nasoma chini. Nasuka watu nywele chini. Mwaka mzima Mama Mkwe ananihesabia mara mbili, na wewe unajua?"

"Nilijua."

"Nimekuwa nakimbia asubuhi nne za ziada kila wiki. Nimekuwa namwambia bibi kwenye simu kwamba mwili wangu ni mvivu, sijui nimerithi wapi. Ananiambia: mjukuu wangu, kwetu hakuna wavivu." Alikunja kanga iliyomwangukia mapajani. "Kafa akijua mimi ni mvivu."

Veneranda aliacha kutafuna.

Nakiete hakutafuta maneno ya kujikinga, ingawa yalikuwepo. Wiki ile Baraza lilikuwa limekuja kumtunuku Mkuu nishani. Alingoja wageni waondoke. Kisha mitihani, alingoja iishe. Kisha kungoja kukawa mazoea. "Niliandika daftarini nikaona nimeshafanya kazi," alisema. "Sikumwambia mtu. Nimekukosea."

Mwanahija alipozungumza sauti ilikuwa imetulia, na utulivu wenyewe ulimtisha Nakiete kuliko kelele.

"Usiniandike mgonjwa. Usinitembeze kwa uongo. Kesho natandika mkeka wangu, namkalia bibi yangu siku tatu mbele ya macho ya watu. Wewe kama umenikosea, njoo ukae. Na mkanda uwe kiunoni."

*

Walitandika katikati ya uwanja, kwenye nyasi zilizozungukwa na njia ya mbio, ili asiwepo wa kusema wamejificha. Mkeka wa ukili ulikuwa wa bibi mwenyewe, Bi Mwanakombo, umefumwa kwa milia ya zambarau, nao ulikuwa umesafiri kwenye begi la Mwanahija tangu mwaka wa kwanza. Siku ya kwanza walikuwa saba. Mmoja alileta chupa ya chai ya tangawizi, mwingine juzuu, akasoma Yasini kwa sauti ya chini. Veneranda alitoa rozari yake akakaa nyuma, midomo inacheza. Baridi ya Ludodi ilipanda kutoka ardhini ikawaingia mifupani. Kila dakika ishirini mikanda saba iliunguruma pamoja kama mzinga uliopigwa teke, na kila mara mmoja wao alishtuka na kutaka kuinuka. Miaka mitatu ya mazoea haifutiki kwa asubuhi moja. Nakiete aliusikia mwili wake ukimsihi asimame. Alikaza viganja juu ya nyasi, akabaki.

Hata hivyo hakutaka wafe kishujaa. Kila saa aliwaambia wazungushe vifundo vya miguu, wakaze mapaja na kuyaachia, wanywe maji. Alikagua mashavu ya miguu ya kila mmoja kwa vidole, kama anavyokagua fundi.

"Huu mgomo gani una daktari wake?" Veneranda aliuliza.

"Si mgomo. Ni matanga."

Jioni majina saba yalikuwa mekundu ubaoni.

Siku ya pili walikuja wengine, wawili wawili, kila mmoja na kanga yake au gunia. Wengine walikaa saa moja wakaondoka kabla alama haijashuka mno, na Nakiete hakuwalaumu. Hakujua nani ana nini nyumbani. Waliokaa mpaka mwisho walifika kama sitini.

Mwanahija alikuwa hajalia. Tangu asubuhi alikuwa akivuta tasbihi ya bibi yake bila kutikisika, uso umekauka kama udongo. Kufika saa saba Veneranda aliinuka, akajifunga kanga kiunoni, akajitupa katikati ya mkeka chali, macho amefumba, ulimi nje.

Wa mikoa mingine walishtuka. Wa pwani walielewa mara moja. Wanyamwezi na watu wa Pangani ni watani tangu enzi za misafara, na mtani kazi yake msibani ni hiyo: kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke.

"Bi Mwanakombo!" Veneranda alipaza sauti ya chuma, kana kwamba mkanda unasema, na kwa mkono mmoja akajitikisa kiuno. "Bi Mwanakombo wa Pangani! Umelala dakika elfu mbili mfululizo! Inuka! Tembea mpaka bombani urudi!"

Kisha mtu mmoja nyuma aliguna kwa kicheko.

"Hainuki!" Veneranda alijijibu kwa sauti yake. "Hawa watu wa pwani nawajua, ukiwapa pa kulala hawatoki. Bi Mwanakombo, jina lako jekundu! Siku ya tatu lango la peponi halifunguki! Malaika, mlete mbuzi, avae mkanda wake!"

Mwanahija alifungua mdomo kana kwamba anataka kumkaripia. Kilichotoka kilianza kama cheko, kikapasuka katikati, kikawa kilio. Alilia kwa sauti, ameinama mpaka paji la uso limegusa ukili, na wenzake wakamshika mabega. "Mshenzi wewe, Mnyamwezi," alisema katikati ya machozi. "Mshenzi mkubwa. Bibi angekupenda."

Mikanda sitini ilinguruma. Safari hii hakuna aliyeshtuka.

*

Siku ya tatu kufika saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Nakiete alijaribu kuhesabu akaacha kwenye mia moja na themanini, na chuo kizima kilikuwa na wasichana mia tatu na kumi na wawili. Wengi walikuwa wapya katika wekundu na hatari yao ilikuwa ndogo. Saba wa kwanza ndio waliokuwa na siku tatu. Lakini nusu ya wanafunzi wakiwa wekundu kwa siku moja, chuo chenyewe kilikuwa chekundu, na anayejibu kwa hilo ni Mkuu. Na kwa kuwa mkeka ulihesabiwa mara mbili, nusu ilivukwa kabla ya saa sita.

Dakta Kokubelwa alikuja akitembea kwa haraka kwenye njia ya mbio, bamba la kioo la taarifa mkononi. Alisimama ukingoni mwa mkeka.

"Inukeni," alisema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na hofu, na Nakiete alimwonea huruma. "Nawaomba. Mmeonyesha mlichotaka kuonyesha. Inukeni mtembee, bado saa zipo."

Hakuna aliyeinuka. Mwanahija alimtazama kutoka chini.

"Shikamoo, Mkuu. Karibu."

"Marahaba. Pole sana, Mwanahija. Pole kwa bibi."

Mwanahija hakuitikia. Aliweka tasbihi pajani. "Nisamehe, Mkuu. Kwetu mfiwa haipokei pole kwa mtu aliyesimama. Karibu mkekani."

Wasichana wa pande zote mbili walisogea, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kwenye milia ya zambarau. Mkuu aliitazama nafasi ile. Upepo ulipita kwenye misonobari. Nakiete aliona mkono wa mama yule ukienda kiunoni kwake, chini ya kitenge, mahali ulipokuwa mkanda. Maana walimu nao waliuvaa, na yeye alikuwa wa kwanza kuuvaa nchi nzima.

Alivua viatu, akavipanga ubavuni, kisigino kwa kisigino. Akashika bega la Nakiete, akajishusha. Magoti yalilia kwa sauti iliyosikika.

"Pole, mwanangu," alisema, sasa macho yao yakiwa sawa.

"Nimeshapoa, Mkuu," alisema Mwanahija, akampokea mkono.

Walikaa. Dakika ya ishirini mkanda wa Mkuu uliunguruma pamoja na mingine, naye akaufunika kwa kiganja kama anayemtuliza mtoto, akabaki palepale.

"Kemilembe sikumkalia," alisema baadaye, hakumwambia mtu maalumu. "Watu walikaa nyumbani kwetu siku nne. Mimi nilikuwa nazunguka ofisi hadi ofisi natafuta wa kulaumiwa. Mama aliniuliza, huyu mtoto wangu mwingine naye ameenda wapi?" Alipangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Sijui kama nimewahi kuketi tangu siku hiyo."

Kisha alikumbuka bamba mkononi, akamgeukia Nakiete, sauti imerudi ya kazi. "Baraza wanataka taarifa yako saa kumi. Wamenipa njia. Tuwaandike wote kisanduku cha sita: mlipuko wa huzuni, siku moja. Wale saba, siku tatu. Hakuna atakayetolewa, na chuo kitabaki kijani."

"Wasichana karibu mia mbili wagonjwa wa akili," alisema Nakiete.

"Kwenye karatasi."

"Tunafundishwa kuwa walimu, Mkuu. Kwenye karatasi ndiko tutakakotafutwa." Moyo ulimpiga, na alijua kwamba mkanda unauandika. "Nitaandika kukaa. Walikaa, na walijua wanakaa."

"Ukiandika kukaa, kesho lango halifunguki kwa watu saba. Wewe mmojawapo."

"Najua."

"Na mimi nitaitwa."

"Najua, Mkuu. Kwa hilo naomba radhi. Kwa kukaa siombi." Alitoa daftari la kijani kwenye kanga. "Na ukurasa huu nitauambatanisha. Ningekuletea mwaka jana."

Mkuu alisoma. Alisoma mara ya pili, kidole kikifuata mistari. Nakiete alimwona akifika kwenye neno "mbili", kidole kikasimama hapo.

"Miaka kumi na minne," Mkuu alisema hatimaye. "Wangapi wametoka kwenye lango lile kwa hesabu hii?"

"Sijui. Nitawatafuta mmoja mmoja kwenye kumbukumbu, kama bado nitakuwa na ufunguo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kukuharibia kitu kizuri. Bado nakiona kizuri. Ndiyo maana sitaki kiseme uongo."

Mkuu alifunga daftari, akalirudisha kwa mikono miwili. Alitazama kivuli chake kwenye nyasi, kisha saa.

"Andika," alisema. "Na mimi uniandike humo. Nimekaa dakika arobaini na moja. Za mkekani, usizikate."

*

Saa kumi kamili taarifa ilikwenda, ina majina mia moja tisini na tatu na neno moja mbele ya kila jina. La mia moja tisini na tatu lilikuwa la Mkuu.

Alasiri Mwanahija alianua matanga. Waligawana kashata, akaukunja mkeka wa bibi taratibu kuanzia ncha ya chini, akaufunga kwa kipande cha kanga. Kila mtu aliinuka kwa vilio vya magoti na vicheko, wakishikana viuno kama vikongwe. Veneranda alianguka makusudi mara mbili. Kwenye ubao wa bwalo majina yalikuwa yanageuka mekundu moja moja, na hakuna aliyekwenda kuyasoma.

Jibu la Baraza lilikuwa halijafika. Lango lingesema lenyewe asubuhi.

Mwanahija alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio, akautazama mzunguko mtupu. Alipeleka mikono nyuma, akafungua Mama Mkwe kiunoni, akauning'iniza kwenye kigingi cha bendera. Ulitetemeka mara moja ukikosa mwili, ukazima. Kisha alianza kutembea, miguu ikiwa bado mizito, halafu kwa kasi, kisha akakimbia, kanga nyeusi ikipepea nyuma yake.

Nakiete alikuwa na kalamu mkononi, daftari limefunguliwa, kama kawaida yake. Alimtazama akimaliza pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifunga daftari. Alifungua mkanda wake, akautundika juu ya ule mwingine, akamfuata.